Kichupa Ndani ya Kopo la Visheti

Kyebando, usiku wa kuamkia safari yako

Zuhura mwanangu,

Salamu tutapeana mlangoni ukirudi. Hapa naanza na kesi, na mshtakiwa ni mimi. Nimefungua begi lako. Lile kubwa, ulilolifunga mchana kwa kamba ya bluu ukalisimamisha sebuleni. Nimetoa nguo zako moja moja, nimefika kwenye kopo la visheti alivyokukaangia Bibi yako, nimetia mkono mpaka chini kabisa, na nilichokuwa nakitafuta sikukikuta.

Labda unajua ninachosema. Kama hujui, balaa ni kubwa zaidi, kwa hiyo naeleza waziwazi. Juzi ulipokwenda sokoni, nilitia kichupa ndani ya kopo lile. Kichupa cha kioo chenye kifuniko chekundu, nimekizungushia plastiki, nikakizika chini ya visheti. Ndani yake mna mwani wetu wa kijani, ule wa dirisha la jikoni, unaoujua tangu hujaota meno ya ukubwani. Sikukuambia. Nilijiambia nitakupigia simu ukishafika, nikueleze cha kufanya.

Leo jioni moyo ukanisuta. Nikamwona mtu wa forodha pale Entebbe akitia mkono kwenye kopo na kutoa maji ya kijani. "Hii kitu ni nini?" Na wewe hata hujui kimeingiaje mle. Viumbe hai havivushwi mpaka bila karatasi zake. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha wanafunzi wangu, na nikiwakamata hawalifuati nawafokea mpaka sauti inakauka. Ungerudishwa kutoka uwanjani, na masomo yako yangeishia hapo. Kwa hiyo nikafungua begi ili nikitoe. Hakimo.

Sasa ni mawili. Ama umekiona ukakitupa, na hapo nitaumia lakini wewe uko salama. Ama umekiona, ukajua mama yako anataka nini, ukakihamishia kwenye mkoba wa mkononi ili ukanifanyie kazi yangu. Hili la pili ndilo linaloniondolea usingizi. Simu yako inaita haipokelewi. Bibi yako anasema umeshatoka kwake Nateete, uko njiani, na jamu leo ni ya kusimama. Kukuandikia ujumbe siwezi, maana ujumbe husomwa na watu. Unacheka? Cheka. Najua unavyonisema kwa rafiki zako: Mama anashuku mpaka chumvi.

Basi nimekaa hapa mezani nakuandikia, ili nisizunguke nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na kabla sijasahau, umeacha taa ya chumbani kwako inawaka. Mwanga nauona chini ya mlango. Token za umeme hazichumwi mtini, Zuhura.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule, uswali, wala upige simu. Hayo Bibi yako ameshayasema, na ameyasema vizuri kuliko mimi, tena kwa machozi. Mimi nataka kukuambia kwa nini mtu mzima, mwenye maabara na wanafunzi, alimfichia mwanawe kitu cha hatari kwenye visheti.

Unakijua chanzo, lakini unakijua kitoto. Kazi yangu, tangu nilipokuwa na umri wako, ni viumbe ambavyo mwili wake wote ni seli moja. Seli hiyo hiyo ndiyo tumbo, ndiyo mguu, ndiyo uzazi. Nilitaka kujua ilikuwaje viumbe hivyo, vilivyoishi kila kimoja kivyake, vikafika mahali pa kuishi pamoja, mpaka leo tukawa na miti na samaki na watu wa kugombana. Babu yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa madrasa pale Nateete, na jambo hili lilimkera. "Mwanangu," aliniambia, "wanasema unasomea kwamba mtu katoka kwa nyani." Nikamjibu, "Baba, nyani simjui. Mimi nasomea utelezi wa kijani." Akafikiri kidogo, akasema, "Afadhali utelezi."

Maji nilikuwa nachota ziwani Ggaba, pembeni mwa pale wanapoteremshia samaki. Wale mama wauza samaki walinishuku kabla hata mimi sijaanza kuwashuku wao. Mmoja alikuja na kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nywele, akaniuliza, "Wewe nachukua hii maji ya kijani ya nini? Maji mzuri iko kule mbele!" Nikasema nataka hii chafu. Tangu siku hiyo waliniita Mama wa Uchafu, na nikifika wanasogeza ndoo zao.

Nyumbani kwa seli hizo palikuwa chupani. Nilifanya hivi: mwani wangu niliutia chupa moja na mlaji. Huyo mlaji naye ni seli moja, ila mkubwa zaidi, mdomo wazi, anaogelea anameza. Kila wiki mimi na Bwana Opio, msaidizi wangu wa maabara, tulichukua tone kutoka chupa ya zamani tukalitia kwenye chupa mpya yenye maji safi. Waliosalimika ndio waliozaa, na watoto wao ndio waliohamishwa. Kazi ni hiyo, na inachosha. Unahamisha tone, unaweka penye mwanga, unangoja. Mwanga kwanza, maswali baadaye. Nilikuwa nimeibandika sheria hiyo ukutani, na wewe ulijifunza kusoma kwa maneno hayo.

Kwa kawaida seli mama ikigawanyika, seli binti zinaachana nayo na kila moja inakwenda zake. Asubuhi moja nikachungulia kwenye hadubini nikaona mabinti hawakuondoka. Walikuwa wamegandana na mama yao, nne nne, nane nane, vishada. Mlaji anakuja, anagusa, anashindwa kumeza, anapita. Zuhura, kile ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Opio, umetia uchafu."

Ndiyo tulivyofundishwa. Ukiona muujiza kwenye chupa, kwanza shuku uchafu: huenda ni kiumbe kingine kimeingia kutoka bomba, kutoka hewani, kutoka kwenye kidole. Ni desturi nzuri, usiiache. Kosa langu ni kwamba chupa sikuishuku, nilimshuku mtu. Chupa ningeweza kuipima. Opio nilimpima kwa macho tu.

Akaniambia, "Madamu, mimi nanawa mikono mpaka nachubuka. Hii kitu haikutoka kwa mkono yangu." Akanionyesha viganja. Nami nikanunua kufuli jipya. Kwa siku chache alikuwa akija asubuhi na kukaa kwenye ngazi kungoja nimfungulie, kisha siku moja hakuja.

Baada ya hapo akaja Mgeni. Jina lake unalijua, kesho kutwa utakuwa unamwamkia kila asubuhi, lakini katika nyumba hii ni Mgeni na usiku huu abaki Mgeni. Alikuja kutoka chuo cha nje kutembelea maabara zetu. Mtu mpole, anayesikiliza huku amefumba macho. Nikamwonyesha vishada. Alitazama muda mrefu. Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika, nikamwachia funguo nikaenda kuswali.

Niliporudi tulizungumza, akasema huenda ni uchafu. Wiki ile ile alipoondoka nikamwaga chupa zote kwenye sinki, nikazipika kwenye mvuke, nikaanza upya.

Miaka ikapita. Kisha nikasikia kwamba Mgeni ana vishada. Mwani wa ziwani, mlaji, vizazi vingi, mabinti wasioachana na mama. Watu walisimama wakampigia makofi. Mimi nilikuwa hapa jikoni nakuna nazi, simu imeegemea kopo la chumvi, namtazama. Nikasema kwa sauti, mwizi! Wewe ulikuwa kwenye kiti kile karibu na mlango, ukaniuliza, "Nani, Mama?" Nikasema, hakuna, kula.

Tangu siku ile nilijua alivyofanya. Nilijua! Muda wa sala ya adhuhuri unatosha kabisa mtu kuvuta tone kwa bomba dogo na kulitia mfukoni. Kisha akaniambia ni uchafu ili nimwage zangu, abaki nazo peke yake. Nimeipanga hadithi hii mara nyingi mpaka haina nyufa. Babu yako aliwahi kunikumbusha kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Nikamwambia, "Baadhi tu, Baba." Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi mpaka leo.

Ila Mgeni hakujua jambo moja, na hata mimi sikulijua kwa muda mrefu. Siku niliyomwaga chupa, wewe ulikuwa umekuja maabara baada ya shule. Uliona moja ina kijani kizuri, ukaiiba ukaitia kwenye mfuko wa vitabu, ukaileta Kyebando ukaificha dirishani nyuma ya pazia la jikoni. Nilipoiona ilikuwa imenona. Nikaitia chini ya hadubini. Vishada! Nilikubusu mpaka ukapiga kelele. Toka hapo tukawa tunaihamisha kila wiki, mimi na wewe, kwa kijiko cha dawa ya kikohozi. Umekua, umemaliza shule, umemaliza chuo, na chupa ipo.

Lakini chupa ya dirisha la jikoni si ushahidi. Nikiipeleka popote watasema imefunguliwa na mtoto karibu na sufuria ya mchuzi, na watakuwa na haki. Na hata vishada vyangu vikifanana na vyake sana, kufanana si undugu. Ziwa lolote lenye mwani na mlaji laweza kuleta vishada. Mtaalamu yeyote atakuambia kwamba kila ukiweka mlaji mlangoni, watu wa ndani watasogeleana. Njia ya kujua ni moja: kusoma urithi ulioandikwa ndani ya seli zenyewe, zangu na zake, kando kwa kando, uone kama zina makovu yale yale madogo yasiyotokea mara mbili kwa bahati. Ni kazi ndogo siku hizi. Inataka mtu aliye ndani ya maabara yake.

Ndipo wewe ukapata nafasi kwake.

Uliponiambia, ulikuwa unarukaruka. Nikakupongeza, nikakukumbatia, na juu ya bega lako tayari nilikuwa nashuku. Kwa nini yeye? Kwa nini mtoto wangu, katika watoto wote walioomba? Anataka kuninyamazisha. Au dhamiri inamsumbua. Au hajui wewe ni wa nani, nalo lingeniuma kuliko yote. Sikukaa hata siku moja nikawaza kwamba huenda amekuchukua kwa sababu wewe ni hodari. Hilo lilikuja leo, nikiwa nimeshika fulana zako mkononi. Nimeona haya, Zuhura. Nimekaa chini sakafuni nikaona haya.

Na sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Seli za Mgeni hazijafichwa. Ziko kwenye hifadhi ambayo mtafiti yeyote huandika akaomba akaletewa. Ningeweza kuziomba siku nyingi, kwa njia halali, nikalinganisha hapa hapa Kampala, bila kumtia mtoto wa mtu hatarini. Sikuomba. Kila mwaka napata sababu. Ukweli ni kwamba naogopa zisije zikawa si zangu. Zikiwa si zangu, basi nimemchukia mtu bure miaka yote hii, na aliyemwaga chupa ni mimi, kwa mkono wangu, bila wa kumlaumu.

Na juu ya neno lile, uchafu. Hadithi yangu isiyo na nyufa inasema Mgeni ndiye aliyelileta. Usiku huu, kwa kuwa naandika na maandishi hayaendi haraka kama ulimi, nimekumbuka vizuri. Nilitoka kuswali, nikamkuta bado ameinama kwenye hadubini, nikamwambia, "Ni uchafu, eti?" Yeye akasema huenda. Nililisema mimi kwanza. Na kabla yake nilishalisema kwa Opio.

Huyu Opio nilimwona mwezi uliopita. Sikukuambia. Siku hizi yuko Ggaba, ana meza yake ya samaki, tumbo limetangulia. Nilitaka kupita upande wa pili akaniita, "Madamu! Njoo, nakupa ngege mzuri!" Nikasogea. Na mimi, mkono huu, nikafunua mashavu ya samaki kutazama kama ni mekundu. Akaangua kicheko mpaka wenziwe wakageuka. "Madamu bado naangalia uchafu!" Nami nikacheka, kisha nikalia pale pale mbele ya samaki, nikamwomba radhi. Akafunga ngege kwenye gazeti, akasema yamepita, akauliza habari zako kwa jina. Ulikuwa unamkalia mapajani, hukumbuki.

Usidhani nimegeuka malaika. Mgeni bado simwamini. Ukifika, weka alama kwenye chupa zako, na kabla hujamwonyesha mtu kitu kizuri, kipige picha. Akifumba macho unapozungumza, usidhani amelala. Mimi nimeishi na mlaji mlangoni muda mrefu, siwezi kuambiwa ghafla kwamba hayupo. Lakini kuna jambo nililiona kwenye vishada ambalo sikuliandika popote, kwa kuwa halikuwa swali langu. Kishada kikikua, wale wa katikati hufifia. Wamezungukwa na ndugu pande zote, hakuna wa kuwameza, na kijani chao kinapauka, maana waliowalinda ndio hao hao waliowazibia mwanga. Nilikulea katikati, Zuhura. Marafiki zako wangapi niliwauliza wazazi wao ni nani kabla hawajanywa chai? Yule kijana wa Kikongo, mtoto wa jirani yetu Mama Furaha, alikuja kukuazima kitabu nikamhoji mpaka mama yake akanifuata. "Dada," akaniambia, "huyu ni mutoto, na hapa haiko mupaka." Hakurudi tena yule kijana. Alikuwa na adabu, sasa nakiri.

Kwa hiyo nakuomba. Kama kichupa kiko kwenye mkoba wako wa mkononi, kitoe. Usinifanyie. Hiyo kesi ni yangu, na kama ninayo roho nitaandika kuomba seli zake kwa jina langu, nizisome kwa macho yangu. Wewe nenda ukaulize swali lako mwenyewe. Usiende kwa yule mtu ukiwa mkono wangu uliorefushwa. Na kama ulikitupa, nakusamehe, ingawa nitakununia mpaka upande ndege.

Naona mwanga bado chini ya mlango. Ngoja nikaizime hiyo taa, nikirudi nimalize.

Nimerudi.

Kichupa kiko mezani kwako. Kiko chini ya taa ya kusomea, umeiinamisha karibu nacho. Plastiki umeitoa umeikunja pembeni. Kifuniko umekilegeza kidogo ili seli zipumue. Umeziongezea maji mapya, maana yamejaa mpaka shingoni, na kile kijiko cha dawa ya kikohozi kiko pale kimeoshwa.

Niliziweka kizani, Zuhura. Mimi! Sheria ya ukutani nimeiandika mwenyewe, nimewafokea watu nusu ya umri wangu, kisha nachukua viumbe vinavyokula mwanga, navifunga kwenye plastiki, navizika kwenye kopo la bati chini ya visheti, na kuvifungia begini. Nilikuwa nawaza mwizi, na forodha, na makovu ya urithi. Mwanga sikuuwaza hata kidogo. Vingefika vimekufa, nami ningesema Mgeni kaviua.

Wewe ulifungua kopo, ukaona uovu wa mama yako wote umekaa mle chini, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kuvipa taa. Hukuniuliza. Hukugomba. Umekwenda zako Nateete kumbusu Bibi.

Nimeinama nikatazama kwa ile hadubini yako ndogo ya mkononi. Vimepauka, lakini vinaanza kurudi. Pembeni ya vishada kuna seli mojamoja zimejitenga, zinaogelea zenyewe kuelekea upande wa balbu.

Nasikia geti. Ni wewe, unavyolisukuma kwa goti. Nitaitia barua hii kwenye kopo, chini ya visheti, uisome huko mbali. Safari hii ni karatasi tu, hata forodha waione. Nguo zako nimezikunja vibaya, utanisamehe. Na nakushuku jambo moja la mwisho: ile taa uliiacha makusudi, ili niende kuizima.

Sikuizima.

Mama yako